Ngoma Italala Wapi?

Asikilizaye wimbo mzuri hana desturi ya kuuliza ulifundishwa wapi. Huuliza nani ameuimba, nani ameutunga, na pengine ulianza kusikika lini. Lakini chumba, ua au mwembe ambao chini yake waimbaji walirudia ubeti mmoja mara arobaini, hayo hayamshughulishi. Sisi tunaofundisha ndio tujuao kwamba wimbo, kabla haujawa wimbo, huwa kelele, na kwamba kelele hutaka mahali pake. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyotukabili hapa Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, na kwa nini nimefikia kuamini kwamba mwanamuziki wa huku, kabla ya kutafuta jengo, yampasa atafute saa alizopewa kwa maelewano na watu wawili wanaoweza kuaminiwa ufunguo.

Kwa msomaji asiyepata kufika huku, Rumonge ni mji ulio kando ya ziwa, kama kilomita 75 kusini ya Bujumbura, katika barabara iendayo Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Ulifanywa makao makuu ya mkoa mwaka 2015, na katika mgawanyo mpya wa mwaka 2025, ulioifanya mikoa ya Burundi kuwa mitano, umeingia katika mkoa wa Burunga. Riziki ya mji ni samaki na mawese: ndagala na mukeke watokao ziwani, na mafuta ya michikichi iliyojaa katika uwanda wa Imbo. Kiswahili ni lugha ya soko, ya bandari na ya nyumba nyingi, nacho hukaa pamoja na Kirundi bila ugomvi, hata mtoto aweza kuanza maneno kwa lugha moja akayamaliza kwa nyingine. Mji wa namna hii hauwezi kukosa muziki. Zipo kwaya za makanisa, zipo kasida na maulidi, zipo ngoma kuu za Kirundi, na wapo vijana wa magita na vinanda vya umeme. Kilicho haba ni mahali pa kujifunzia.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Lakini kwa miaka kadhaa, siku za Jumamosi, nimeshirikiana na wenzangu kuwafundisha vijana kuimba na kupiga ala, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hayo tuyaitayo "mahali pa muziki" si ya namna moja. Mpiga inanga, ile ala ya nyuzi inayochongwa katika ubao mrefu wenye shimo la kina kifupi, huimba kwa sauti ya kunong'ona, na asipopata kimya hata yeye mwenyewe hajisikii. Ngoma kinyume chake hutaka uwanja. Hupigwa na watu kumi au zaidi, inkiranya ikiwa katikati kuongoza, amashakwe zikishikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo zikimfuata kiongozi. Zikipigwa ndani ya chumba chenye kuta za saruji, sauti hurudi juu ya sauti, na mwanafunzi hatofautishi pigo lake na la jirani. Mwenye gita la umeme hutafuta kwanza umeme, na asipoupata hutafuta jenereta, kisha hutafuta pa kuiweka jenereta hiyo mbali ili isilishinde gita lenyewe. Kwaya hutaka paa. Nalo paa likiwa la mabati bila dari, mvua ya masika ikianza, mwalimu hubaki akipunga mikono mbele ya vinywa visivyosikika.

Basi anayesema, "Tujengewe ukumbi wa muziki," yafaa aulizwe: ukumbi wa muziki upi? Chumba kimoja kikubwa, hata kikijengwa kwa fedha nyingi, hakitamfaa mnong'onaji wa inanga na mpiga inkiranya kwa saa moja. Itabidi wagawane saa. Na ikiwa mwisho wa yote ni kugawana saa, basi mji wetu unavyo vyumba na viwanja vingi ambavyo tayari vimejengwa, na ambavyo kwa saa fulani havina mtu.

Tulianza na shule, kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea. Watu wengi hudhani darasa huwa tupu baada ya adhuhuri. Katika shule nyingi za msingi nchini mwetu sivyo, kwani wanafunzi ni wengi kuliko vyumba, na zamu ya mchana huingia pale zamu ya asubuhi itokapo. Zamu ya pili ikimalizika, jua limekaribia kuzama na taa hakuna. Jumamosi mchana na Jumapili jioni ndizo zilizobaki. Tuliziomba hizo tu, na kwa masharti tuliyoyaandika wenyewe kabla hatujaandikiwa: madawati yarudishwe kama yalivyokutwa, chumba kifagiwe, msumari usipigwe ukutani, chaki tuje nayo, na mtu mmoja mwenye jina ajibu kwa kila kitakachovunjika. Nimeona kwamba wakuu wa shule huogopa daftari la hasara kuliko kelele. Mtu akija na masharti yake mkononi, nusu ya shaka huondoka.

Msaada wa pili ulitoka kwa mwezi. Wavuvi wetu wa ndagala huvua usiku wa giza kwa taa, kwa sababu mwanga huwakusanya samaki karibu na wavu. Mbalamwezi inapotanda juu ya maji yote, taa hupoteza nguvu yake, na kwa siku kadhaa kila mwezi vyombo hupumzishwa nchi kavu. Siku hizo sehemu za kuanikia samaki huwa wazi, vijana wengi huwa hawana kazi, na anga lenyewe huwa taa. Wapiga ngoma walipata hapo uwanja usio na dari wala jirani wa karibu wa kumuudhi, na wanafunzi ambao usiku mwingine wangekuwa majini. Ratiba yetu ikawa na safu mbili, moja ya tarehe na moja ya mwezi mwandamo. Baadhi ya vijana wanaosoma kwa ratiba hiyo hawajapata kuifuata ratiba nyingine yoyote maishani mwao.

Walakini ziwa hutoa na hutwaa. Maji yalipanda mno mwaka 2021, yakapanda tena mwaka 2024. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 serikali ya Burundi, pamoja na Umoja wa Mataifa, iliomba msaada kwa ajili ya mafuriko yaliyowahamisha watu, na tangu Gatumba karibu na mpaka wa Kongo hadi huku kusini nyumba za kandokando ziliingiliwa na maji. Sehemu ya ufuko tuliyoizoea ikawa chini ya mawimbi. Kikundi chenye jengo lake ufukoni kingelilia jengo. Sisi tulikuwa tumepoteza saa nne kila mwezi, nazo tulizitafuta upande wa juu wa mji.

Huko juu tulipata banda la kukamulia mawese. Chikichi ina msimu wake, na mavuno yanapopungua mashine hukaa siku nyingi bila kazi. Banda lina paa na halina kuta, hivyo sauti hutoka bila kurudi, tena limejengwa mbali na nyumba kwa sababu ya moshi. Mwenyewe hakutaka kodi. Alitaka mtu wa kulala macho juu ya mapipa yake siku ambazo mlinzi hayupo, na vijana wakakubali kupokezana. Nalitaja hili kwa sababu wengi hudhani mahali hulipiwa kwa fedha tu. Mwenye banda ana shida zake, na anayezijua shida hizo anaweza kuzungumza naye bila kufungua mfuko.

Sasa nafika kwenye jambo zito, ambalo kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu. Katika Rumonge kuomba kiwanja si ombi dogo. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka katika mwambao huu, watu wengi wakauawa, hasa Watutsi. Kisha utawala wa wakati ule ukalipiza nchi nzima kwa mauaji, hasa ya Wahutu, yaliyochukua roho zaidi ya laki moja. Waliosalimika walikimbia kwa makumi elfu, wengi wao wakawekwa Tanzania katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao ya Imbo yalipata wenye kuyalima wengine, na mengine yaliingizwa katika miradi ya serikali ya michikichi. Waliporejea kwa wingi kuanzia mwaka 2008, walikuta nyumba zina watu, watoto wamezaliwa humo, na mababu wamezikwa humo. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilishughulikia mashauri mengi mno, na si kila uamuzi uliowaridhisha wote wawili. Kwa hiyo hapa kwetu viwanja vingi vina historia mbili, na mgeni huelezwa moja tu.

Mwenyeji mmoja alitupa ua wake mkubwa wenye miembe miwili. Ulikuwa mahali pazuri kupita pote tulipopata: kivuli, maji karibu, na ukuta wa kuzuia upepo wa ziwa. Wiki ya tatu alikuja mzee mwingine, akasimama nje ya ua, akangoja somo limalizike. Akatuambia kwa Kiswahili cha Tabora, kwa adabu kubwa, "Walimu, sina neno na nyimbo zenu. Lakini miembe hiyo aliipanda baba yangu. Kila mkikaa chini yake, watu wanasema ua una mwenyewe." Alisema kweli. Makutano ya watu chini ya mti ni ushahidi, na mwenye ua alijua hivyo pia, ndiyo sababu alitusihi tusiondoke. Tulikaa kikao cha walimu usiku ule. Wengine walisema sisi si mahakama na jambo hilo halituhusu. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, tulisema kwamba kwa kuwa sisi si mahakama, hatuna haki ya kuwa ushahidi wa upande mmoja. Tukatoka. Tukawaaga wote wawili siku moja, nyumba hadi nyumba, ili pasiwe na wa kusema kwamba tulimkimbia yeye.

Tangu siku ile tumekuwa na kanuni: hatuombi ardhi, tunaomba saa, na popote palipo na shauri hatukai, hata pakiwa na kivuli cha namna gani. Kwa mji kama wetu nadhani hii ndiyo faida kubwa ya mahali pa kuazima. Jengo la kudumu lingetulazimu kuchagua kiwanja, na kiwanja kingetulazimu kuchagua upande. Darasa la shule, banda la mawese na mchanga wa ufukoni vimetuwezesha kuwapokea watoto wa nyumba zote mbili kwenye benchi moja. Sisemi kwamba ugomvi wa miembe umekwisha. Ninavyojua mimi haujaisha. Nasema tu kwamba wajukuu wa wazee wale wanajua kupokezana kibwagizo.

Wala wale waliotoka Tanzania hawakuja mikono mitupu. Huko ukimbizini waliimba, na kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13 ilipata kujulikana mbali sana na kambi ile. Tazama jina lenyewe: kwaya ilijiita kwa barabara. Watu waliopangiwa makazi kwa namba waliichukua namba ile wakaifanya jina la heshima. Vijana waliolelewa katika desturi hiyo walikuja Rumonge wakijua kusoma do, re, mi ubaoni na kugawa sauti nne, lakini Kifaransa cha ofisini hawakijui, na Kirundi chao kilichekwa sokoni. Katika darasa la kuimba mambo yaligeuka. Wao ndio waliofundisha, na waliowacheka waliketi kujifunza. Kiswahili, ambacho kwingine kiliwatambulisha kuwa ni watu waliotoka nje, hapo kilikuwa lugha ya ujuzi. Mwalimu wa lugha hawezi kuliona jambo hilo asiguswe.

Limebaki swali nililolifanya kichwa cha makala haya. Mahali pa kupigia ngoma hupatikana. Shida ni mahali pa kuilaza. Ngoma ya Kirundi ni gogo zima lililochimbwa, aghalabu la mti uitwao umuvugangoma, na haibebwi kila jioni kama mkoba. Unyevu wa ziwa huilegeza ngozi, hata sharti ioteshwe jua kabla ya kupigwa. Nyuzi za gita hushika kutu. Ala ikilala kwa mtu mmoja, baada ya mwaka huwa ya mtu huyo. Sisi tumepata chumba kidogo cha akiba ambacho kina mlango imara, tukaweka kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa familia iliyokaa hapa miaka yote, wa pili kwa familia iliyorudi, na mlango haufunguki mpaka wote wawili wafike. Ni usumbufu, nakiri, hasa siku ya mvua. Lakini daftari la kutoa na kurudisha ala halijakosa sahihi, na wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Anayetafuta mahali pa ngoma yampasa pia aijue sheria. Ngoma zetu ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 iliweka masharti: maonyesho nje ya sherehe rasmi yanataka kibali cha wizara, vikundi viandikishwe, na wanawake wasipige ngoma hizo, ingawa waweza kucheza. Kwetu maana yake ilikuwa kwamba saa za uwanjani ziliwaendea wavulana. Tungeacha hivyo, wasichana wangebaki watazamaji. Kwa hiyo saa bora za darasani, zile za alasiri ambazo mwanga ungalipo na njia ya kurudi nyumbani ni salama, tumewapa wao kwanza kwa kuimba, gita na kinanda. Kugawa saa ni kugawa elimu. Anayeandika ratiba bila kufikiri ameshaamua nani atajifunza.

Si sisi wa kwanza kuishi kwa majengo ya kazi nyingine. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, huko Unguja, kilianzishwa mwaka 2002 katika jengo la Forodha ya Zamani, na palipohesabiwa bidhaa pakafundishwa udi, kanuni na fidla. Mjini Nairobi, mwaka 2003, ghala la mtaa wa viwandani, Dunga Road, liligeuzwa kituo cha sanaa kiitwacho GoDown. Na hapa kwetu, katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, kituo cha vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiliendelea kuwakutanisha vijana wa Kihutu na wa Kitutsi katika miaka ambayo mitaa yao ilikuwa ikipigana. Lakini mfano wa Unguja una funzo jingine. Mwaka 2019 chuo kile, pamoja na sifa zake zote, kilipungukiwa na fedha hata ikahofiwa kwamba kitafungwa. Jengo zuri hula kila mwezi, wafadhili wakiwepo au wasiwepo. Saa za kuazima hazili kitu isipokuwa uaminifu, ingawa huo nao ukiisha hauna wa kuukopesha.

Sipendi msomaji adhani nawasifia umaskini wetu. Siku moja nitafurahi kuiona Rumonge yenye chumba kikavu chenye dari, umeme na kabati za ala, na wanafunzi wasiolazimika kusafiri hadi Bujumbura kumtafuta mwalimu wa kinanda kwa barabara ambayo mvua huikata. Hata hivyo chumba hicho nacho kitahitaji ratiba, na walioizoea ratiba ndio watakaokiweza.

Walimu wenzangu, wengi wenu mna ufunguo mfukoni wa darasa ambalo Jumamosi mchana limefungwa. Ninyi pia ndio mnaofundisha mizani na vina kwa ubao na chaki, mkiona taabu kuwaeleza wanafunzi kwa nini mstari wenye mizani pungufu unachechemea. Waacheni waimbaji waingie. Watawaonyesha hilo kwa pigo moja la mkono. Andikeni masharti kabla hamjaulizwa, wekeni daftari mlangoni, na mkiombwa ua wenye kivuli, ulizeni kwanza nani aliipanda miembe.